Soksi za Kubana: Dawa Ivaliwayo Mguuni

Kila aliyewahi kuhudhuria gwaride refu ameliona jambo hili. Askari kijana, mwenye afya na nguvu, husimama wima bila kutikisika kwa muda mrefu, mara huyumba na kuanguka. Watu husema ni jua, wengine husema ni njaa, na wako wasemao kuwa amerogwa. Jua na njaa huweza kuchangia, lakini aghalabu chanzo kimo miguuni mwake. Damu imejikusanya chini, na ile ifikayo kichwani imepungua. Alazwapo, damu hurudi juu, naye huzinduka baada ya muda mfupi.

Jambo hilo hilo, likitendeka polepole kwa miezi na miaka, ndilo lisababishalo maradhi mengi ya miguu katika nyumba za askari na raia: uvimbe wa jioni, mishipa iliyojitokeza na kupindapinda kama mizizi, na kidonda cha kifundoni kisichotaka kupona. Kwa mgonjwa aliyelala kitandani siku nyingi, huweza kuleta donge la damu ambalo ni hatari kwa maisha. Miongoni mwa vifaa ambavyo madaktari huvitumia kupambana na maradhi hayo ni soksi za kubana. Kwa macho ni vazi tu, lakini yafaa jamaa wa mgonjwa wazitazame kama watazamavyo dawa: zina kipimo chake, zina wakati wake, zina watu zinaowafaa na watu zinaowadhuru.

Kazi ya damu kupanda mlima

Moyo huisukuma damu kwa nguvu hadi ncha za vidole kwa njia ya mishipa iitwayo ateri. Kurudi kwake ni kwa njia ya mishipa mingine, iitwayo vena, ambayo kuta zake ni laini na nyembamba. Kutoka kifundoni hadi moyoni ni safari ya kupanda mlima. Damu husaidiwa na mambo mawili. La kwanza ni vilango vidogo vilivyomo ndani ya vena, ambavyo huiruhusu damu ipite kwenda juu na kuizuia isirudi chini. La pili ni misuli ya shavu la mguu. Mtu atembeapo, misuli hiyo huzikamua vena kila hatua, ndiyo maana waganga wengine huiita moyo wa pili.

Mtu mzima asimamapo bila kutembea, shinikizo ndani ya vena za kifundoni hufika kiasi cha milimita 80 hadi 90 za zebaki, kwa kipimo kile kile kitumiwacho hospitalini kupimia shinikizo la damu mkononi. Atembeapo, hushuka hata chini ya 30. Basi mlinzi wa lango, polisi wa njia panda, mwalimu wa darasa na mama asimamaye jikoni kutwa nzima wote wamo katika kundi moja. Mshipa ukielemewa siku zote hutanuka. Ukitanuka, vilango vyake havifungi sawasawa. Navyo visipofunga, damu huzidi kurudi chini. Maji ya damu huvuja na kuingia nyamani, mguu huvimba, ngozi ya kifundoni hubadilika rangi na kuwa ngumu, na mwisho mkwaruzo mdogo hugeuka kidonda.

Funzo la paitaba

Wazee waliotumikia King's African Rifles wakati wa ukoloni wanazikumbuka paitaba, vile vitambaa virefu ambavyo askari walijizungushia mguuni kutoka kifundoni hadi chini ya goti. Vilikinga mguu na miiba na matope, na wengi walipenda namna vilivyoushika mguu katika mwendo mrefu. Lakini katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1914 hadi 1918, madaktari wa jeshi la Uingereza waliona upande mwingine. Paitaba iliyofungwa kwa kukaza, kisha ikaloa maji, ilizuia damu isifike wayoni, nayo ilihesabiwa kuwa mojawapo ya mambo yaliyochangia ugonjwa ulioharibu miguu ya maelfu ya askari humo mahandakini.

Hapo ndipo ulipo msingi wa habari yote hii. Kuubana mguu kwaweza kuisaidia damu irudi, na kwaweza kuizuia damu isifike. Tofauti ni kiasi cha kubana, mahali pa kubana, na hali ya mguu wenyewe.

Soksi za kisasa zilitokana na mtu aliyeugua maradhi haya. Mhandisi Conrad Jobst, mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Toledo nchini Marekani, alisumbuliwa na vidonda vya miguu vitokanavyo na vena. Alitambua kwamba alipata nafuu kila aliposimama ndani ya bwawa la kuogelea. Maji humkandamiza mtu zaidi chini kuliko juu, kwa kuwa kina huongezeka. Katika miaka ya 1950 alitengeneza soksi zifanyazo vivyo hivyo: hubana zaidi kifundoni, na kupungua kadiri zipandavyo. Soksi ya hospitali ya kuzuia madonge ya damu, ile ifikayo pajani, hubana kiasi cha milimita 18 za zebaki kifundoni, na kiasi cha 8 tu pajani. Zile za kutibu uvimbe mkubwa na vidonda hubana zaidi, nazo hutolewa kwa amri ya daktari.

Zinamfaa nani?

Daktari huweza kumwagizia soksi hizi mtu mwenye vena zilizotanuka na kumwumiza, mjamzito ambaye miguu yake inavimba na kuwa mizito, na mgonjwa ambaye kidonda chake cha vena kimepona ili kisirudi tena. Kidonda chenyewe, kingali wazi, hutibiwa kwa bendeji za kubana zifungwazo na mtu aliyefunzwa, au kwa soksi maalumu. Kupaka dawa peke yake bila kuubana mguu huchelewesha kupona, kwa sababu kile kinachokilisha kidonda, yaani damu iliyotuama, hakijaondolewa.

Wasafiri nao hunufaika. Kukaa kitini zaidi ya saa nne, katika ndege, gari moshi au basi, huongeza hatari ya donge la damu, ingawa kwa mtu mwenye afya hatari hiyo ni ndogo. Uchunguzi uliofanywa kwa abiria wa ndege umeonyesha kwamba soksi za kubana zilizo za kipimo sahihi hupunguza madonge yasiyo na dalili.

Kwa wagonjwa wa upasuaji, soksi zimetumika miaka mingi pamoja na sindano za kuifanya damu isigande. Lakini uchunguzi uliofanywa Uingereza na kutangazwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mgonjwa wa upasuaji wa kupangwa, ambaye tayari anapata sindano hizo, hakuongezewa faida na soksi. Kwa hiyo jamaa wasishangae daktari asipoziagiza, wala wasidhani kwamba soksi hushika nafasi ya sindano. Mgonjwa aliyeandikiwa vyote viwili asiache sindano kwa kuwa amevaa soksi.

Nani asizivae?

Sehemu hii yafaa isomwe mara mbili. Mtu ambaye ateri za miguu yake zimeziba au kuwa nyembamba, soksi huweza kumnyima damu kidogo aliyonayo, hata nyama zikafa. Dalili zake ni miguu baridi, maumivu ya shavu la mguu atembeapo yanayotulia apumzikapo, na vidonda vya vidoleni. Kwa sababu hiyo, kabla ya soksi, daktari au muuguzi hugusa mapigo juu ya wayo na kando ya kifundo. Akiwa na shaka hulinganisha shinikizo la damu la kifundoni na lile la mkononi. Likiwa la kifundoni halifiki sehemu nane katika kumi za lile la mkononi, mgonjwa hapewi soksi mpaka mtaalamu amwone.

Mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi yumo hatarini vilevile, kwani soksi yaweza kumchuna naye asisikie. Kadhalika mwenye ugonjwa wa moyo ambaye miguu imejaa maji, mwenye ngozi nyembamba inayochubuka upesi, aliyepandikizwa ngozi, na mwenye usaha au ukurutu mguuni. Hao wote huamuliwa na daktari, si na jirani.

Tena kuna wagonjwa wa kiharusi. Kwa muda mrefu walivishwa soksi ndefu za pajani kwa nia njema. Mwaka 2009 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliohusu wagonjwa 2,518 katika Uingereza, Italia na Australia. Miongoni mwa waliovishwa, 10 katika kila 100 walipata madonge ya damu makubwa katika vena za pajani au nyuma ya goti. Miongoni mwa wasiovishwa, idadi ilikuwa karibu ile ile. Lakini waliochubuka au kupata vidonda vya ngozi walikuwa 5 katika 100 kwa waliovishwa, na 1 tu katika 100 kwa wasiovishwa. Basi aliye na mzee nyumbani aliyepooza upande mmoja asimvishe soksi hizi kwa kuwa tu ameziona kwa mwingine.

Kupima mguu

Soksi ya kubana hainunuliwi kwa namba ya kiatu. Mguu hupimwa kwa utepe wa fundi cherehani, asubuhi, kabla mgonjwa hajainuka kitandani na mguu haujavimba. Hupimwa mzunguko wa kifundo mahali palipo pembamba zaidi, mzunguko wa shavu la mguu mahali palipo panene zaidi, na urefu kutoka kisigino hadi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti. Ikiwa soksi ni ya pajani, paja nalo hupimwa. Kila mguu hupimwa peke yake, kwa sababu miguu ya mtu mmoja huweza kutofautiana. Mgonjwa akikonda, akivimba au akipungua uvimbe, apimwe upya.

Haifai kununua soksi hizi katika rundo la mitumba. Nguvu yake ya kubana imekwisha kuvutika, tena zilipimwa kwa mguu wa mtu mwingine. Kwa sababu iyo hiyo, ndugu wasiazimane. Soksi za mpira wa miguu nazo hazitoshi, na kufunga mpira au kamba juu ya soksi ili isishuke ni kosa kubwa.

Namna ya kuvaa

Wakati mwema ni asubuhi kabla ya kusimama. Ikiwa mgonjwa amekwisha kuinuka, na alale na kuinua miguu yake juu ya mito kwa kiasi cha dakika 20. Mguu uwe umeoshwa na kukauka kabisa, hata katikati ya vidole. Mafuta ya kulainisha ngozi yapakwe usiku. Asubuhi hufanya soksi isipande. Poda kidogo husaidia. Anayevisha avue pete, akate kucha, na ikiwezekana avae glavu za mpira za kuoshea vyombo, kwani hushika kitambaa bila kukitoboa.

Kwanza, aingize mkono ndani ya soksi hadi kisiginoni, akishike kisigino kwa ndani, kisha aipindue soksi nje ndani mpaka hapo. Sehemu ya wayo ibaki ndani kama mfuko.

Pili, aingize vidole na wayo wa mgonjwa, na kuhakikisha kwamba kisigino kimekaa barabara katika nafasi yake. Kisigino kikikaa kombo, soksi yote imekaa kombo.

Tatu, sehemu iliyopinduliwa ivutwe juu ya kifundo, kisha ipandishwe kidogo kidogo kwa viganja vya mikono. Isivutwe kwa nguvu kutoka ukingo wa juu.

Nne, soksi ya chini ya goti iishie upana wa vidole viwili chini ya mkunjo wa goti. Ikizidi urefu isikunjwe. Ukingo uliokunjwa hubana maradufu, na hugeuka kuwa kamba iliyofungwa mguuni.

Tano, mikunjo yote ilainishwe kwa kiganja. Mkunjo mdogo ukikaa kutwa nzima huacha alama, na alama hugeuka lengelenge.

Mgonjwa asitembee na soksi tupu juu ya sakafu laini, atateleza. Avae kiatu au ndara yenye kushika chini.

Kuutazama mguu

Baada ya nusu saa, vidole vitazamwe. Soksi nyingi za hospitali zina tundu penye vidole kwa kazi hiyo. Katika vitabu vya kigeni huandikwa kwamba mtu atazame ngozi ikiwa nyekundu au ya buluu. Kwa ngozi nyeusi mabadiliko hayo hayaonekani upesi, hivyo yafaa kutazama chini ya kucha na kwenye wayo ambapo rangi ni hafifu, na kugusa kwa nyuma ya mkono ili kulinganisha joto la mguu mmoja na mwingine. Mgonjwa aulizwe pia kama asikia ganzi au sindano-sindano.

Kila siku soksi ivuliwe, mguu uoshwe, na ngozi ikaguliwe, hasa kisigino, mifupa ya kifundo na muundi. Kwa asiyeweza kujigeuza au mwenye ganzi, ukaguzi uwe mara mbili au tatu kwa siku. Soksi za hospitali za kuzuia madonge kwa kawaida huvaliwa usiku na mchana, na huvuliwa kwa muda mfupi tu wa kuosha. Zile za kutibu vena na uvimbe aghalabu huvuliwa wakati wa kulala. Agizo la daktari ndilo la kufuatwa. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, au ngozi ikitoa malengelenge, soksi ivuliwe mara moja na mgonjwa apelekwe akaonwe.

Kuitunza

Soksi huoshwa kila siku, au siku moja baada ya nyingine, kwani jasho na mafuta ya mwili huua nyuzi zake za mpira. Yatosha maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, ndani ya beseni. Isikamuliwe kwa kusokotwa: izungushwe ndani ya taulo na kubonyezwa, kisha ianikwe kivulini, ikiwa imelazwa. Jua kali, pasi, moto wa sigiri na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe huiharibu. Ni vyema kuwa na jozi mbili, moja ivaliwe na nyingine ikauke. Kwa kawaida jozi ivaliwayo kila siku hupoteza nguvu baada ya miezi mitatu hadi sita. Soksi ambayo zamani ilivaliwa kwa shida na sasa yapanda kwa wepesi haijamzoea mgonjwa, bali imechoka.

Pasipo soksi

Si kila duka la dawa huwa na soksi hizi, na bei yake si ya kila mfuko. Lakini viko vitu visivyonunuliwa. Mlinzi aliye zamu aweza kuinua na kushusha visigino mara kwa mara ndani ya viatu vyake, hata akiwa amesimama mahali pamoja, na askari wa gwaride aweza kukaza na kulegeza misuli ya miguu bila mtu kuona. Mama wa jikoni aweza kukalia kigoda akichambua mboga, mguu mmoja umenyooshwa juu ya kingine. Aliyelala kitandani azungushe vifundo vyake kila saa awapo macho, na aondolewe kitandani atembezwe mara daktari aruhusupo. Jioni, miguu iinuliwe juu kuliko moyo kwa nusu saa. Msafiri wa basi la mbali ashuke na kutembea kila linaposimama.

Dalili ya kutongoja

Mguu mmoja ukivimba ghafula kuliko mwenzake, ukawa na joto na maumivu katika shavu lake, hasa kwa mtu aliyetoka kupasuliwa, aliyevunjika mguu au mama aliyejifungua karibuni, hiyo yaweza kuwa dalili ya donge la damu ndani ya vena. Hapo soksi si dawa ya kuanzia. Na jambo lililo desturi katika nyumba nyingi, la kuukanda mguu kwa maji ya moto au kuuchua kwa mafuta, lisifanywe kabisa, kwani donge laweza kung'oka na kwenda kuziba mishipa ya mapafu. Mgonjwa akisongwa na pumzi ghafula, akisikia kichomi kifuani au akikohoa damu, kila dakika ina thamani. Apelekwe hospitali saa ile ile, iwe usiku au mchana.

Daktari huandika agizo mara moja, lakini soksi huvaliwa kila siku, nayo huvishwa na mke au mume, binti au mwana. Yule apigaye goti asubuhi mbele ya mguu wa mgonjwa, akaulainisha mkunjo wa mwisho na kuvigusa vidole kama vina joto, hana vazi jeupe wala cheo, lakini wakati huo yeye ndiye muuguzi. Na ajifunze kazi hiyo kwa muuguzi wa zahanati kabla mgonjwa hajarudishwa nyumbani, aifanye mara moja mbele yake, na aulize kila lisilomwelea.